Ukuta Uliovaa Koti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unijibu upesi maana Jumamosi mama mkwe wangu anahamia kwetu. Mimi nauza viatu, lakini mikono yangu haijui kutulia, ndiyo maana mtaani wananiita Injinia. Chumba chetu cha nyuma kimepakana na bafu, na ukuta wa upande huo ulikuwa na doa la unyevu kubwa kama sinia, mke wangu tangu mwaka jana ananiambia, "Baba watoto, lile bomba linavuja ndani kwa ndani, ita fundi," nami najibu fundi wa nini wakati mimi nipo, basi nikanunua mbao, nikazipiga randa, nikazipigilia ukutani moja moja kuanzia sakafuni hadi darini, kila moja nikiiwekea pima maji, nikapaka vanishi mara tatu, na bila kujisifu, mshauri, chumba kikatoka kama cha hoteli, doa halionekani, mke wangu akaita majirani akawaambia, "Oneni, na bomba kaliziba mwenyewe!" nami nyundo mkononi, nikatabasamu tu, sikusema ndiyo wala hapana.

Sasa ni mwezi wa pili tangu nimalize, mbao za chini zimeanza kuvimba na chumba kinanuka kama soksi zilizosahauliwa kwenye begi. Jumapili mama mkwe alikuja kukiona chumba chake, na yeye ana pumu, akabandika kiganja ukutani, akasema, "Mkwe wangu, ukuta huu umevaa koti, mbona bado unasikia baridi?" Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Je, ipo vanishi ya kuzuia harufu? Nikibomoa, mke wangu atajua kwamba bomba sikuligusa.

Injinia

*

Injinia,

Dawa ya harufu hiyo ipo. Inaitwa fundi bomba.

Kwanza nikupe haki yako. Kunyoosha mbao ukuta mzima si mchezo. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo na bado mistari yao inapanda mlima. Lakini wewe umekuta ukuta unalia, badala ya kuuliza una nini ukauziba mdomo. Nyuma ya vanishi yako kuna ukungu, na upande wa huku unataka kuweka mto wa mama mwenye pumu. Hapo sicheki na wewe.

Unaogopa mkeo atajua. Mama yake je? Mtu mwenye pumu huusikia unyevu kabla hajavua viatu. Mama wa watu amegusa ukuta, akaelewa, akakuuliza kwa mzaha ili usiumbuke mbele za watu. Alikufungulia mlango utoke, wewe ukabaki kizingitini unacheka.

Leo hii mwambie mkeo: "Bomba sikuligusa." Maneno hayo tu, usimsimulie historia ya bomba. Atasema mengi. Mengine utakuwa unayastahili, yaliyobaki yapokee kama nyongeza.

Kisha ng'oa mbao taratibu, kila moja uiandike namba kwa nyuma ili ijue pa kurudi. Fundi bomba akija, mpe kiti na maji ya kunywa, usimpe mawaidha. Kwangua ukungu wote, umefunika pua na mdomo, madirisha wazi, na mama awe mbali. Halafu ngoja. Ukuta uliolowa mwaka mzima haukauki kwa siku tatu, hata ukiukodolea macho. Ukikauka kabisa, tanguliza papi, zile mbao nyembamba za kushikilia, ndipo upigilie mbao zako juu yake ili hewa ipite nyuma. Chini acha nafasi ya kidole, mbao zisikanyage sakafu. Zilizovimba usizirudishe, hata kama moja ndiyo uliyoipenda zaidi.

Jumamosi mama alale chumbani kwenu. Wewe na mkeo mlale sebuleni. Kama bado hajakusemesha, jikoni napo pana sakafu.

Majirani watacheka wiki moja, kisha watakuja kuuliza papi zinauzwa wapi. Lakini siku ukimaliza, usianze na wao. Mwite mama. Aweke kiganja chake palepale. Akikuangalia tu, akageuka kuanza kupanga nguo zake, basi Injinia, kazi imekwisha.