Mama Mkubwa, Dada Yako na Kinu cha Unga

S.L.P. 1147,
Asafo, Kumasi.
Tarehe 9 Agosti, 2019.

Mpendwa mpwa wangu Akua Afriyie,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. U hali gani huko Hamburg? Mgongo je, umepata nafuu? Mama yako alisema kazi ya kuwainua wagonjwa imeuchosha. Sisi hatujambo. Mvua zimenyesha vizuri, na mimi siku hizi naumwa goti moja tu.

Najua umesikia kwamba mama yako mkubwa, dada yangu Nyarkoa, amejiuzulu kutoka kampuni yake mwenyewe. Ni kweli. Acha nikueleze mimi niliyekuwepo, maana wengine wanatia chumvi.

Uliondoka ukiwa mdogo, hukuona kampuni ilivyokua. Dada alikuwa na meza ya samaki pale sokoni Asafo. Muuza barafu akamjibu vibaya. Akanunua mashine ya barafu. Dereva akamtelekeza njiani, mjini Nkawkaw, na masanduku ya samaki juani; akanunua lori, na leo tuna malori arobaini. Muuza matairi akamwita ajuza. Duka lile sasa ni letu, na yule bwana ndiye meneja wake. Hata kwenye msiba wa mumewe, seremala alileta jeneza fupi, na shemeji, Mungu amrehemu, alikuwa mrefu. Dada akalia, akazika, akafuta machozi, akafungua karakana ya majeneza. Watu wa benki wakija kuuliza tulipangaje kukua, mimi hutazama dari.

Basi mwezi Mei tulikuwa mkutanoni, wakurugenzi sita, wote ndugu. Dada akaingia amefura. Muuza mkate wa mtaa wa Bantama alikuwa amemwambia asubiri zamu yake kama wenzake.

"Tunafungua kiwanda cha mkate," akasema, hata hajakaa.

Tukaitikia kwa vichwa kama kawaida yetu. Isipokuwa Pokuaa, binti yake, meneja mkuu wetu. Unamjua dada yako alivyo mpole. Akikanyagwa, yeye ndiye huomba radhi.

"Hapana, mama."

"Umesemaje?"

"Hapana. Malori tisa yamelala uani hayana breki. Tutengeneze kwanza tulivyo navyo."

"Unanikatalia kwenye meza yangu?"

"Meza ni ya kampuni, mama."

Akua, nilijificha ndani ya kikombe cha chai! Dada akachukua mkoba, akatoka. Jioni akaniita nimwandikie barua ya kujiuzulu. Nikamsihi sana. Akasema, "Yaw, andika, la sivyo nitaandika mwenyewe, na wewe utakuwemo."

Akauza nyumba yake ndogo ya Suame, akajenga tanuri mkabala na lango la ofisi yetu. Juu akaweka kibao: MKATE WA MAMA ALIYEFUKUZWA. Nani alimfukuza? Lakini mkate wenyewe, mpwa wangu, mtamu! Saa nne asubuhi ofisi nzima ilikuwa ikivuka barabara, akabaki mlinzi tu, naye kaagiza.

Pokuaa alivumilia kile kibao siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili wazee wa kanisa wakaja kumuuliza kwa nini amemfukuza mama yake mzazi. Walipoondoka akanipigia simu, nami sauti yake sikuitambua.

"Mjomba, mama ananunua unga wapi?"

"Kwenye kinu cha Ejisu. Kwani vipi?"

"Mwenye kinu anakiuza?"

Hakuwa anakiuza. Kufikia Julai alikuwa amekwisha kuuza, na Pokuaa ndiye mwenye kinu.

Nikatumwa mimi kumpelekea dada habari. Nilisimama karibu na mlango, viatu nimevifunga vizuri. Dada akacheka mpaka kilemba kikaanguka kwenye unga uliokandwa.

"Yaw! Miaka yote hii nilidhani mtoto huyu kamrithi baba yake tu. Nilikuwa nakosa usingizi, najiuliza nikifa nani atagombana na watu!"

Usidhani wamepatana hapo hapo. Ijumaa Pokuaa alileta gunia la kwanza mwenyewe. Dada akalipima mbele ya wateja.

"Limepungua. Rudisha."

Pokuaa akarudisha, akaleta lingine. Dada akapima tena, akapokea. Akakata mkate wa moto, akaupaka siagi, akampa bintiye kipande kikubwa. Wakala wamesimama. Jumatatu kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya: MKATE WA MAMA.

Ofisini hajarudi, na anasema harudi. Kiti chake anakalia Pokuaa. Malori yote tisa yana breki.

Mama yako anakusalimu sana, pia Mzee Opoku na mke wangu Dufie. Nisalimie mumeo Boakye na watoto. Mungu akuwekee mkono wake mgongoni, hapo panapouma.

Na ukija Desemba, nakuomba kitu kimoja. Hata ndege ikichelewa, hata mzigo ukipotea, mbele ya hawa wawili sema safari ilikuwa njema.

Ni mimi mjomba wako akupendaye daima,
Yaw Bediako