Mjibu Yule Mama wa Ufini

Felemea, Kisiwa cha 'Uiha,
Ha'apai, Tonga.
Jumatatu, 4 Machi 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Kalolaine,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyekufikisha Perth salama, na ambaye anakuona hata siku unazolala bila kula. Hujambo? Kifua kimepoa? Mama yako ameniambia bado unakohoa. Kama unakohoa na bado unalala na nywele mbichi, usinililie mimi. Sisi huku tu wazima. Goti langu linatabiri mvua, na mvua isipokuja linanyamaza kwa aibu. Nguruwe mkubwa amezaa, na watoto wawili nimekwisha kuwaahidi kwa karamu ya Pasaka.

Barua hii anakuletea mke wa mchungaji, anayekuja huko kumwona binti yake. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu, kila nikianza kukukaripia, mtandao wako unaharibika. Karatasi haikatiki. Shule mimi sikuiona kwa ndani, herufi niliziokota kwenye kitabu cha nyimbo, kwa hiyo zikipanda na kushuka wewe zifuate tu.

Sasa nisikilize. Ndugu yako Malakai ameacha masomo.

Ulisikia kwamba yeye na dada yake Seini walipata sifuri kwenye somo la afya. Mengine hukuambiwa. Watoto walikuwa ukumbini mwa kanisa, kila mmoja na kompyuta yake, mwalimu wao yuko New Zealand. Lile jukwaa la masomo ya kompyutani likawagawa vyumba vya mazungumzo lenyewe, kama mtu anayegawa karata, likawatia Malakai na Seini chumba kimoja, wazungumzie mimba na mambo ya mwili. Seini akavua vile vya masikioni akatoka mlango wa mbele. Malakai akatoka wa nyuma. Hawakutazamana. Mimi nilikuwa nje na mwenzangu Lupe tunaponda magome ya kutengenezea nguo, nikajua kwamba wajukuu zangu wamelelewa. Lupe naye unamjua mdomo wake. Akasema, "Mama, wajukuu zako wamekimbia darasa moja kwa milango miwili. Humo ndani kuna mzimu au kuna mtihani?"

Mwalimu yule hana ubaya, hajui tu kwamba kwetu kaka na dada hawazungumzi mambo hayo pamoja. Alidhani wamegombana. Akaandika kwamba kundi ni lile lile hadi mwisho wa mwaka, wapatane.

Siku ya pili Malakai akaniambia, "Bibi, naona viazi vikuu vya baba mdogo havijachimbwa."

Nikamwambia, "Viazi vipo tangu wewe hujazaliwa, leo ndiyo umeviona?"

Akacheka, akachukua jembe. Nikadhani ni kazi ya siku moja. Kumbe amempisha dada yake, kama mwanamume wa kwetu anavyotakiwa, bila kumwambia mtu. Juzi ndipo nikasikia kwamba ameandikisha jina na wale vijana wanaokuja huko kwenu kuchuma matunda baada ya Pasaka. Malakai, mtoto anayefanya hesabu kichwani huku ananikunia nazi.

Seini anakaa darasani lakini hasomi. Nilimwuliza kwa nini anaitazama kompyuta kama mtu aliyefiwa. Akanijibu, "Bibi, wewe ungekaa kwenye kiti alichokiacha kaka yako kwa ajili yako?" Nikamwambia akanitekee maji.

Heshima kati ya kaka na dada ndiyo nguzo ya nyumba zetu, siwezi kuing'oa kwa sababu ya mashine. Lakini pia sikuilinda umri wangu wote ili ije kumtoa mtoto shuleni. Mambo haya mawili nimelala nayo, nimeamka nayo, na kila nikiyageuza yanakuja mlangoni kwako.

Maana wewe ulikwisha kuanza kulitengeneza jambo hili. Uliponiambia zamani kwamba jioni unaandika msimbo, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, kwa ajili ya jukwaa hilo, na kwamba hawakulipi, nilikuona mjinga. Nilidhani ni la tajiri fulani. Sasa nimeelewa kwamba halina mwenyewe, kila ajuaye anaongeza kipande chake, wenzake wanakikagua, kikifaa kinaungwa na kizima, na watoto wa dunia nzima wanakitumia bure. Ungeniambia tangu mwanzo kwamba ni kama nguo ya magome, nisingekutukana.

Na kwa kuwa mambo yenu yote yako wazi, Seini alinifungulia ule ukurasa akanisomea kwa lugha yetu. Nimesikia kipande chako: watoto wenye jina moja la ukoo wasiwekwe chumba kimoja. Nimesikia na yule mama wa Ufini aliyekikagua. Aliuliza ndugu wasio na jina moja itakuwaje. Akauliza tena kama ni lazima mwanafunzi aseme sababu. Nawe ukamjibu maneno mawili, kwamba umekiondoa, ukafunga.

Uliniambia walikucheka. Kalolaine, nimemsikiliza yule mama mara mbili, sikusikia kicheko. Nimesikia mtu aliyepitisha mkono juu ya kazi yako akakuta tundu. Wewe umekaa mbele ya ule ubao mrefu pamoja nasi tangu meno yako ya utoto. Wanawake huku, wanawake kule, kila mmoja anabandika gome lake kwa gundi ya muhogo, na Lupe anapita nyuma yetu na kidole chake. Akikuta tundu anasema mbele ya wote, "Hili la nani, la panya?" Unacheka, unatafuta kiraka. Hujapata kumwona mtu ananyakua gome lake na kwenda nalo nyumbani. Angelifanyia nini, kipande kimoja?

Na tundu lipo. Wewe ni mtoto wa binti yangu, Malakai ni mtoto wa mwanangu wa kiume. Kwetu ni kaka na dada, wala huketi naye mbele ya filamu moja. Lakini jina lako ni la baba yako na lake ni la baba yake. Kwa msimbo wako mwenyewe, wewe na Malakai mngewekwa chumba kimoja. Mama asiyemjua hata mmoja wetu ameliona, wewe uliyezaliwa ndani ya mila hii hukuliona. Usione haya sana. Huko wanaita ndugu kwa jina la baba, nawe umekaa huko.

Naijua hofu yako. Hutaki kuwaeleza wageni mambo ya kwetu. Mwanangu, heshima yetu si uchi hata tuifiche. Mweleze kwa ufupi, kama unavyomweleza mgeni pa kukaa. Asipoelewa yote, si kitu, aelewe tu panapohitaji kiraka.

Nimewauliza na wasichana wa hapa wangependa nini. Seini amesema kwa niaba ya wote: pawe na mahali pa kubonyeza, uhamishwe chumba kingine, usiulizwe kwa nini, na yule unayemwacha asipelekewe habari. "Akipelekewa habari, Bibi, ni afadhali niendelee kupata sifuri." Mengine ya kompyuta ni yako.

Ningeweza kukuomba umwamuru Malakai arudi. Wewe ni mtoto wa shangazi yake, na kwetu shangazi na watoto wake wako juu, neno lako kwake ni zito kuliko langu, angerudi leo. Sikuombi hivyo. Akirudi kwa amri kabla chumba hakijarekebishwa, atakaa nje ya kila somo huku jina lake liko ndani, na hilo litamuumiza kuliko jembe. Nataka siku utakayompigia simu uwe na jambo la kumwonyesha.

Kwa hiyo barua hii ukiimaliza usiikunje kwanza. Fungua ile kompyuta, mjibu yule mama wa Ufini. Anza kwa kumshukuru. Mwambie tundu umeliona na unaliziba. Kama kazi ni kubwa, mwombe akusaidie, maana mtu aliyeona tundu lilipo ameshafanya nusu ya kazi. Vijana wa matunda wanaondoka wiki ya pili baada ya Pasaka, na Malakai ameazima begi.

Wasalimie mama yako na baba yako, na baba mwambie apunguze chumvi. Msalimie mdogo wako Fehoko, umbusu shavu lile lenye kovu. Lupe anakusalimu na anasema gome lako halijachukuliwa na mtu. Seini anakusalimu kwa machozi, lakini ni ya kawaida yake. Malakai hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo yeye hajakusalimu.

Mungu akulaze mahali pakavu na akuamshe na nguvu mikononi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,
'Ilaisaane