Kisu Nilichokitia Moto

Kwa kaka yangu Kaijage, Nyabiyonza, kwa mkono wa Mwalimu Salumu mwenye duka Bugene.

Kaka, Barongo hakukosa. Mimi ndiye niliyemkosea, na wewe nimekukosea pamoja naye. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu ukishasema marahaba moyo wako utalainika, na mimi sitaki ulainike. Shikamoo. Usiitikie mpaka barua iishe.

Nawe Mwalimu Salumu unayesoma, soma kila neno. Ulinifundisha herufi, nakujua, unapenda kutia sukari kwenye maneno makali ili watu wasigombane dukani kwako. Safari hii waache wagombane.

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Usambara inanila mifupa. Mama anaendeleaje na miguu yake? Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa? Nitayasikia majibu nikifika. Sasa sikiliza.

Hapa kiwandani mbao hupasuliwa kwa msumeno. Matawi na mabaki huingizwa katika mashine nyingine inayoyakatakata yawe vipande vidogo vya kulisha moto wa injini. Tunaiita Fisi, maana inakula na mifupa. Ndani mna gurudumu la chuma, na juu ya gurudumu visu vitatu vimefungwa kwa bolti, kila kimoja urefu wa mkono mpaka kiwiko. Mimi ndiye mtu wa visu. Vikiwa butu navifungua, navinoa kwenye jiwe la kuzunguka huku maji yakitiririka, kwa sababu kisu kikipata moto hata wa jiwe tu, kimeharibika. Hilo nililijua, kaka. Usije ukaniambia sikujua. Kisha navipima kwenye mizani viwe na uzito mmoja, kwani kimoja kikipungua gurudumu zima linatikisika. Na kila kisu kina alama. Kikinolewa mpaka alama kimekwisha, unavitoa vyote vitatu, unatia vipya.

Siku hiyo jiwe lililonasa kwenye gome liliingia ndani ya Fisi, kisu kimoja kikatoka pengo la upana wa kidole. Kulinoa pengo lile mpaka liishe ni kupita alama. Ilikuwa nimwendee msimamizi, Mdachi, nimwambie afungue sanduku la visu vipya. Lakini juzi yake nilikuwa nimejigamba mbele yake na mbele ya watu wote: "Kwetu Karagwe hatutupi chuma. Jembe likiisha, kaka yangu analitia motoni analivuta, linarudi jipya." Mdachi alicheka. Wapare na Wasambaa wakacheka naye. "Haya mhunzi wa porini," akasema, "siku moja utatuonyesha."

Nikataka kumwonyesha. Nikakitia kisu motoni, nikakipiga kama unavyopiga wewe, nikakivuta, nikakizamisha majini, nikakinoa. Kilipendeza kuliko vingine. Chuma chetu tunachoyeyusha nyumbani kinasamehe. Hiki cha kwao hakisamehe.

Barongo, shemeji yetu, alikuwa msaidizi wangu wa kufunga. Alikishika, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akavigonga na vile viwili.

"Shemeji, hiki kinalia kama chungu chenye ufa."

Nikamwambia, "Wewe umekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Tangu lini umejua chuma?"

"Chuma sikijui. Masikio ninayo."

"Basi yapeleke kwa ng'ombe wako. Funga."

Akafunga. Akakaza nati zote sawasawa, nilimwona kwa macho yangu. Fisi hakuwa amekula hata mzigo mmoja kisu kilipopasuka katikati. Kipande kilitokea pale mdomoni, alipokuwa Barongo akilisha matawi, kikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mdachi alikuja mbio akauliza, "Nani alifunga kisu hiki?" Hakuuliza nani alikitengeneza. Nikasema, "Barongo. Hakukaza nati." Barongo alinitazama, damu inamtoka. Kidonda chake kikiwa bado kibichi walimlaza wakampiga viboko hamsa wa ishirini, wakamfukuza. Alirudi huko nyumbani kwa miguu, na mimi nikabaki na kazi yangu.

Nilidhani mambo yameisha. Ndipo ikaja barua yako. Umesema, "Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi. Barongo amekuja hapa na uongo wake, nimemfukuza uwanjani kwangu. Nimeshika nyundo ya baba mbele ya watu, nimeapa kwamba ndugu yangu hasemi uongo juu ya chuma." Umesema tena kwamba hapewi pombe ya rubisi pamoja na wenzake, na kwamba mkeo, shemeji Nyakato, amemfuata kaka yake huko Kiruruma, "naye aende tu."

Nani alikutuma uape? Hukuniuliza hata neno moja. Mtu amekuja kwako na mkono wenye vidole vitatu, kaka wa mkeo, ukamwona mwongo kwa kuwa hakuzaliwa kwa wahunzi. Lile tusi la mikia ya ng'ombe ni lako, nimelisikia kwako tangu nilipokuwa nikikuvutia mivukuto. Mimi ni mwongo, nimekubali, nakuomba radhi kwa kukuapisha uongo. Lakini wewe uliupenda uongo wangu kabla haujakufikia. Hilo ni lako, libebe.

Nyundo iweke chini. Usifue nayo hata mundu mmoja mpaka nifike.

Mwambie mama aliyetuzaa sote wawili kwamba namwamkia na asinitetee. Msalimie shangazi anayepika rubisi, amtengee Barongo kibuyu chake tangu leo. Dada yetu mdogo wa Bugene aende Kiruruma akamsomee shemeji Nyakato barua hii, na kama dada hawezi kuisoma, Mwalimu Salumu amfuate.

Mdachi nimeshamwambia kweli. Alinitukana, akanitoa kazini, hayo yangu. Vipande viwili vya kisu nimevificha, ninavyo. Nashuka Tanga kesho kutwa, kisha Mombasa, gari moshi, na meli ya ziwani mpaka Bukoba. Tarehe kumi na tano ya Shaabani, mwezi ukiwa mpevu, waite watu wale wale waliosikia kiapo chako. Nitapita Kiruruma kwanza. Tutaingia uwanjani kwako mchana, Barongo mbele, mimi nyuma. Nitakigonga kisu kwa nyundo ya baba wasikie alichosikia yeye, kisha nitasema kwa mdomo wangu nani alikitia moto.

Asipokubali kuja nami, nitakuja nyuma ya jina lake.

Mdogo wako,
Rwegasira