Ttilda Ameketi Mbele Yangu

Jumatatu, 3 Oktoba 2022

Siku ya kwanza ya kuwapiga picha mbwa wa jeshi. Nilifika getini saa moja na nusu asubuhi, kabla joto la San Antonio halijaamka. Wanataka picha ishirini za kutundika katika jengo jipya la mabanda: mbwa na waongozaji wao, wakiwa mazoezini.

Mkufunzi mkuu ni Sajini Meja Pruitt, mtu wa magharibi ya Texas, mrefu, mkavu kama nyama ya kuanikwa. Ananiita Profesa, ingawa nilifundisha fizikia sekondari tu. Aliniambia nisikimbie, nisimkazie mbwa macho, nisimguse hata mmoja. Nikamuuliza kama waongozaji nao hawakaziwi macho. Akasema hao ndio wanaong'ata zaidi.

Niandike nilichojifunza, nisije nikasahau. Mbwa hawa wana uso mweusi na mwili wa rangi ya mchanga. Kamera hupima mwili na kuuacha uso kuwa shimo la giza. Dawa yake: pima mwanga usoni. Na piga magoti. Ukimpiga mbwa picha umesimama, unapata mgongo wenye masikio. Magoti yangu yana miaka sabini na mmoja. Yalilalamika lakini yalishuka.

Mbwa wa nne kutoka bandani alikuwa jike, na kidole kimoja cheupe mguu wa nyuma wa kushoto.

Niliishusha kamera.

Ni yeye. Ttilda — kambini wanaandika T mbili, ndivyo wanavyowatambua mbwa waliozaliwa hapa hapa. Nyumbani alikuwa Tilda tu. Mimi na mke wangu Ofelia tulimpokea akiwa na wiki nane, tukamlea mpaka miezi saba, kama familia nyingi za mjini zinavyolea watoto wa mbwa hawa, kisha tukamrudisha. Miaka mitatu sasa. Ofelia alimuulizia mpaka wiki ya mwisho ya maisha yake.

Sheria ya walezi iko wazi: baada ya kumrudisha, usimkaribie mpaka astaafu. Nikisema, naondolewa. Sikusema.

Mwongozaji wake ni Koplo Renita Thibodeaux, binti wa Louisiana. Hapa kuna desturi: mbwa huwa na cheo kimoja juu ya mwongozaji wake, ili anayemtendea vibaya awe amemkosea mkubwa wake. Basi Ttilda ni sajini. Renita alimpigia saluti, akainama kusikiliza, kisha akanigeukia.

“Sajini anasema mpige upande wa kulia, mzee wangu. Wa kushoto unamnenepesha.”

Jumanne, 4 Oktoba

Nilisimama upande upepo unakoelekea, ili harufu yangu isimfikie. Umbali wa mita arobaini hivi. Nilitumia lenzi ndefu.

Harufu kwa mbwa si kama kwetu. Mimi nikiingia jikoni nasikia mchuzi. Yeye anasikia kitunguu peke yake, chumvi peke yake, mkono uliokoroga peke yake. Ndiyo maana baruti iliyofichwa ndani ya kahawa haimdanganyi. Na ndiyo maana nasimama mbali.

Ameruka ukuta, ametambaa ndani ya bomba, amenyang'anywa mpira na kurudishiwa. Kila afanyapo vizuri Renita hujitupa chini na kugaagaa naye kwenye vumbi kama mtoto. Picha mia mbili na kumi na mbili. Nyingi mbovu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kesho Renita na Ttilda wana mtihani wa kunusa mizigo. Wakipita, wanasafiri pamoja Novemba. Wakishindwa, wana nafasi moja tu ya kurudia. Renita hakula mchana. Alisema Sajini amekula kwa niaba yake.

Pruitt anataka picha za mtihani. Ukumbi umefungwa, hakuna upepo. Nimwambie sitakuja? Kwa sababu gani?

Nitasimama ukutani kabisa.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimefanya jambo baya.

Ukumbi ulipangwa kama stesheni. Mabegi kumi na mawili kwenye mstari, moja kati yake lina baruti, na mimi ukutani, begi langu sakafuni. Ndani yake kulikuwa na chakula changu cha mchana: tortila tatu, zile chapati zetu za ngano, zenye maharage. Nilizifunga kwa kile kitambaa cha bluu cha Ofelia, kwa sababu kila siku nazifunga kwa kitambaa hicho. Sikufikiri. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na minne hakufikiri!

Ttilda alipita begi la kwanza, la pili, la tano. Kichwa kikainuka. Akauacha mstari, akaja moja kwa moja, akanusa begi langu. Kisha akaketi. Kimya, mgongo umenyooka, macho juu yangu.

Kwa mbwa wa baruti kuketi ni kusema: ipo hapa.

Renita hakusita. Aliinua mkono akatangaza imepatikana, kwa sababu mwongozaji anamwamini mbwa wake au aache kazi. Na utaratibu ni utaratibu, hata kwenye mtihani, mzigo usiokuwa katika orodha ukionyeshwa. Tulitolewa nje wote. Dakika arobaini juani. Aliingia mtu mwenye vazi zito, akatoka na tortila zangu juu ya sinia.

Waongozaji wengine walicheka mpaka wakashika magoti. Mmoja alimuuliza Renita kama maharage yalikuwa na kiwashio. Mwingine akamshauri ampandishe Sajini cheo awe mpishi mkuu. Renita alitabasamu kwa mdomo tu.

Pruitt hakucheka. Kuketi pasipo na kitu ni kosa, na begi la tisa, lenye baruti ya kweli, halikunuswa. Wameshindwa. Watarudia Ijumaa ijayo.

Akaja kwangu, akaniuliza polepole kama nimemlisha mbwa huyu tangu Jumatatu.

Nikasema sijamlisha.

Ni kweli. Tangu Jumatatu sijamlisha. Maisha yangu yote niliwanyima wanafunzi alama kwa majibu ya namna hiyo.

Ukweli wenyewe ni huu. Fomu ya walezi ilisema: mwacheni acheze, arukeruke, aume vitu, msimfundishe kuketi, na hasa msimfundishe kuketi kwa ajili ya chakula. Ofelia alisoma, akakunja karatasi, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Kila asubuhi alipopika tortila, Tilda aliketi kando ya jiko, mgongo umenyooka, macho juu, na Ofelia alimkatia kipande kutoka kwenye kitambaa cha bluu. Kila mwezi walitutumia fomu ya kuuliza kama tumefuata masharti yote. Mimi ndiye niliyetia saini.

Jumapili, 9 Oktoba

Marisela alikuja na nyama ya kichwa cha ng'ombe, kama kila Jumapili. Binti yangu ana macho ya mama yake, huwezi kumficha kitu. Nilimsimulia yote.

Aliosha vyombo. Kisha akasema mbwa akiondolewa jeshini, familia iliyomlea ndiyo huulizwa kwanza kama inamtaka. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu Ijumaa saa sita mchana, nikiwa nimesimama juani.

“Wewe nyamaza tu, Baba. Humdhuru mtu. Atarudi nyumbani.”

Bakuli la maji la Tilda bado liko chini ya sinki. Marisela alilitoa, akalisugua, akaliweka juani likauke. Nami sikulirudisha chini.

Nyumba hii ni kimya. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Alasiri nilikaa na picha. Ile ya mia mbili na nane ndiyo pekee iliyo kali: uso wa Ttilda, ameinua kichwa, anasubiri mpira. Nikaikuza mpaka jicho likajaa skrini. Jicho ni kioo kilichobinuka nje. Kioo cha namna hiyo hukusanya upana mkubwa na kuuonyesha mdogo. Ndani ya jicho palikuwa na uwanja mzima, ukuta, mbingu, na katikati mtu mdogo kama punje ya mchele, mikono imefunguliwa.

Renita.

Nilikuza zaidi, nikitafuta. Mimi simo. Nilikuwa mita arobaini, upande upepo unakoelekea, na simo.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimesema. Ofisini kwa Pruitt, mlango umefungwa, Renita amesimama pembeni. Nilianza na fomu, nikaenda kwenye jiko, nikaishia kwenye kitambaa. Niliwaambia kosa si la mbwa wala la mwongozaji. Nikaweka kitambulisho cha geti juu ya meza, ili wasisumbuke kukidai.

Pruitt aliuliza nilitia saini fomu ngapi. Tano, nikamwambia.

“Profesa. Tano.”

Alitoka nje, sijui kucheka au kutukana. Tulibaki na Renita. Nilidhani atanifokea, na ningestahili. Amelala siku tatu akidhani ameharibu mbwa wake mwenyewe, ilionekana usoni. Aliangalia kitambulisho changu, akakigeuza, akakirudisha.

“Alikuwa analala wapi?” akauliza.

Nikamwambia alilala jikoni, kichwa kimeingizwa ndani ya ndara ya mke wangu. Kila usiku. Ofelia ilimbidi atembee na mguu mmoja pekupeku.

Renita aliinama kufunga kamba ya buti ambayo haikuwa imefunguka.

“Mazoezi ya nje huwa tunalala hema moja,” akasema. “Anaweka kichwa ndani ya buti langu. Nilikuwa najiuliza ametoa wapi.”

Pruitt alirudi na uamuzi. Nilitegemea kufukuzwa. Ijumaa, akasema, nitaketi kwenye mstari, kati ya mabegi, na begi langu, na tortila, na kitambaa. Huko waendako kila stesheni ina babu wa mtu aliyebeba chakula. Yeye Pruitt hawezi kuwafukuza wote. Kama Ttilda hawezi kunipita mimi, basi hawezi kazi. Na kama hawezi kazi, akaniangalia sana, Profesa tayari anajua nini kitafuata.

Profesa anajua kweli. Wote wawili wanajua kwamba ninajua.

Jumatano, 12 Oktoba

Tortila kumi na mbili zimeachwa getini saa moja, zimefungwa kwa kitambaa. Sheria mpya: nisionekane, nisisikike. Renita anamzoesha kupita chakula bila kuketi; akipita, mpira.

Alinipigia simu mchana. Asubuhi Ttilda aliketi mara nne. Mchana mara mbili. Pruitt amekula ushahidi wote.

Alhamisi, 13 Oktoba

Leo ameketi mara moja tu.

Nimepika za kesho. Hazikukaa duara. Za Ofelia hazikuwahi kukosa duara.

Ijumaa, 14 Oktoba

Ukumbini. Saa mbili na dakika kumi. Niko kwenye kiti, kati ya begi la sita na la saba. Begi langu liko miguuni. Sijui baruti iko wapi, na ni vizuri nisijue.

Pruitt ameninyang'anya kamera. Mlio wa kamera ungeweza kumvuta mbwa. Nimeomba nibaki na daftari, kwa sababu mtu anayeandika anatazama chini, na nimekatazwa kumtazama. Amekubali. Basi naandika.

Mlango umefunguliwa. Kucha sakafuni. Naijua ile hatua, mguu wa kushoto wa nyuma unachelewa kidogo.

Renita anamwambia, “Tafuta, Sajini.” Sauti yake imetulia. Yangu isingetulia.

Begi la kwanza. La pili. Ananusa haraka, pumzi fupifupi, kama mtu anayepuliza chai. La tatu. La nne.

Amesimama. Sitazami. Amenusa hewa.

La tano ameliruka, na la sita. Pruitt amekohoa.

Yuko hapa. Kivuli kimeingia kwenye ukurasa. Namwona kidole cheupe na sehemu ya mguu, basi. Pua kwenye begi langu. Pua kwenye goti langu. Alama ya maji hapa juu ya neno hili si yangu, ni pua yake.

Nimejua jambo moja ambalo sikulitegemea. Ningetingisha kidole tu. Mara mbili, kama Ofelia alivyogonga kitambaa kila asubuhi kabla ya kumkatia kipande. Angeketi.

Kidole kimeshika kalamu. Kalamu inaandika.

Renita yuko nyuma yake, kamba imelegea, haivuti hata kidogo. Anamwachia aamue mwenyewe. Binti huyu! Mimi nisingeweza.

Nahesabu pumzi zake. Nne. Tano.

Nenda, Tilda. Nenda, mama, uko kazini.

Sita. Mguu wa nyuma umekunjika kidogo — hapana, bado — amegeuza kichwa upande wa begi la saba, ananiangalia tena, mkia umetikisika, kivuli kimetoka kwenye ukurasa. Pua iko kwenye begi la saba.