Kanuni ya Saba Niliyoiandika kwa Mkono Wako

Lushoto, Jumapili mchana

Mwalimu Hiza,

Shikamoo.

Nimeacha nafasi chini ya salamu hiyo, mahali ambapo marahaba yako ingekaa. Ulinifundisha kwamba mdogo akishaamkia hunyamaza mpaka aitikiwe, ndipo aseme lililomleta, na kwamba mashine nazo huongozwa hivyo hivyo. Leo nitaendelea bila kuitikiwa. Uniwie radhi, kosa hilo ni dogo kuliko lile ninaloliandikia.

Niruhusu nianze na taarifa, kama ilivyo desturi yangu. Kiti chako nakikalia mimi. Mto aliokushonea mkeo, Mama Yunisi, nimeuondoa, kwa kuwa haukuendana na ofisi ya mkuu wa kitengo. Sweta lako la kijivu lilining'inia nyuma ya mlango kwa wiki kadhaa, kisha mhudumu akaliomba alifanye dekio, nami nikamruhusu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Na kibao kilichoandikwa "Chumba cha Hiza", ambacho kituo chetu cha vipimo vya mvua kilikifunga mlangoni baada ya mazishi yako, kimeng'olewa. Yamebaki matundu manne ya skrubu, usawa wa macho yangu, na kila asubuhi nikiingiza ufunguo nayatazama. Barua hii inahusu matundu hayo.

Nilikuja kituoni na shahada ya daraja la kwanza, na imani kwamba kazi isiyoandikwa haipo. Wewe ulikuwa na cheti cha ufundi na miaka ya kutengeneza redio za watu sokoni. Ndani ya seva moja ulikuwa umejenga mashine pepe tisa, yaani kompyuta tisa zisizo na mwili, kila moja ikitunza vipimo vya mvua na vijito vya eneo moja la milima yetu. Kila moja uliipa jina la mahali pake: Lukozi, Mgwashi, Kwamkoro na wenzao. Ukabuni na itifaki ya kuzitawala: jinsi ya kuziamuru ziwake, zilale, zijinakili. Kanuni za utekelezaji wa amri hizo zote zilikuwa kichwani mwako. Hapakuwa na hata ukurasa mmoja.

Nililisema hilo kikaoni mbele yako, katika mwezi wangu wa tatu kazini. Nilisimama nikatamka, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi nyumbani, kwamba kituo chetu kinaendeshwa na kumbukumbu ya mtu mmoja, na kwamba mtu huzeeka. Watu wakacheka. Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la sweta, ukasema, "Huyu binti wa Lukozi ana haraka kama pikipiki ya kabichi inayowahi soko." Wakacheka zaidi. Nilikuchukia kwa siku tatu, na siku ya nne ukaniita nikae karibu nawe, unifundishe.

Ulifundisha vibaya, Mwalimu. Hukunipa mchoro wala orodha. Ulituma amri, ukakunja mikono, ukangoja. Lukozi alijibu upesi. Mgwashi alijibu kwa wastani. Kwamkoro, aliyekuwa na mzigo mkubwa kuliko wote, alinyamaza hadi mtu akate tamaa. Nilinyoosha kidole nibonyeze tena, ukanipiga kwenye vifundo kwa rula. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada, nawe ulinipiga kwa rula. "Kwamkoro ni mbali," ulisema. "Mwache afike." Na siku nyingine, ukiwa umekasirika kweli: "Digrii yako imekufundisha kuamuru. Kungoja haikukufundisha."

Kitu kimoja tu ulinieleza kama mwalimu wa darasani. Kila amri, ulisema, lazima ibebe namba, na jibu lirudi na namba ile ile. Kwa sababu jibu lililochelewa likirudi bila namba, litadhaniwa ni la amri iliyofuata. Nililipenda jambo hilo. Nililiandika baadaye kuwa Kanuni ya Pili, kwa maneno yaliyosifiwa na kila aliyeyasoma.

Kisha kiharusi kikakuangusha pale kwenye ngazi za ofisi, ukiwa na mfuko wako wa chakula begani. Sauti ikaondoka, na upande wa kulia ukaondoka nayo. Mkurugenzi akaniita siku ya pili. Hakuuliza hali yako. Aliuliza, "Unaweza kupata zile kanuni kutoka kwake kabla hatujachelewa?" Nikasema naweza. Naomba uamini kwamba nilijisikia mtu mwenye bahati.

Nilikuja wodini na daftari jipya lenye maswali saba. Mama Yunisi alikuwa ameketi upande wa miguu yako, akikupangusa mdomo. Tuliafikiana: nitashika mkono wako wa kushoto, ukibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Muuguzi akaniambia, "Mpe muda, dada. Anasikia yote, ila jibu linachelewa kutoka." Nikamwitikia kwa kichwa bila kumsikiliza. Gari la kituo lilikuwa linaningoja nje, na waraka ulitakiwa Ijumaa.

Maswali matano ya kwanza uliyajibu yote, kila moja baada ya kimya kirefu kilichonifanya nihesabu vigae vya dari. Swali la sita lilikuwa hili: mashine isipojibu, tuiulize kwanza hali yake na kuendelea kungoja? Ukanyamaza. Nikahesabu vigae. Ukanyamaza. Nje dereva akapiga honi. Nikasema moyoni kwamba hili hukulisikia, nikaliacha wazi, nikaenda la saba: au amri isiyojibiwa ndani ya sekunde thelathini tuihesabu haikutekelezwa, tuitume tena? Sikuwa nimemaliza neno la mwisho, mkono wako ukabana. Mara moja. Kwa nguvu.

Nikaandika: "Saba, ndiyo."

Nilifurahi, Mwalimu, kwa sababu jibu hilo nilikuwa nimeshalipenda kabla sijakuuliza. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Nilifunga daftari kwa mkono wangu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado ndani ya wako. Nilipokuwa nainuka, ukabana tena. Mara mbili. Mama Yunisi akasema, "Anakuaga, mwanangu." Nami nikasema, "Tutaonana, Mwalimu," nikauchomoa mkono wangu kutoka kwenye vidole vyako kimoja kimoja, maana hukutaka kuuachia.

Ulifariki kabla waraka haujatoka kwa mchapaji. Tulikuzika Mgwashi, kwenye mteremko, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba tuliisikia kwaya bila kuwaona waimbaji. Mkurugenzi alisimama kaburini akainua waraka wangu, wenye jalada la kijani, akasema maarifa ya marehemu hayazikwi naye. Watu wakanitazama. Nilishusha macho kwa unyenyekevu, na chini ya unyenyekevu huo nilikuwa ninajua kwamba cheo ni changu.

Nilipokipata, nikaandika programu inayotuma amri yenyewe, bila mtu wa kukaa akikunja mikono. Ilifuata waraka neno kwa neno. Ile diski ya nakala za akiba uliyokuwa ukiibeba kila Ijumaa kwenda nayo Mgwashi, ndani ya mfuko mmoja na chakula chako, niliifuta na kuipiga marufuku kwa kuwa si utaratibu.

Ikafika siku Kwamkoro alipoamriwa aifute nakala yake ya zamani, kisha ahamishie vipimo vyake vyote kwenye nakala mpya. Akanyamaza. Zilipotimia sekunde thelathini, programu yangu ikatuma amri tena. Kumbe Kwamkoro hakuwa amekataa. Alikuwa amekwisha kuifuta ya zamani na anamalizia mpya. Amri ya pili ilipomfikia, akaikuta hiyo mpya, akaiona ndiyo ya zamani, akaifuta nayo, kisha akaanza kujinakili akiwa hana cha kunakili. Miaka yote ya mvua ya Kwamkoro ikaondoka mchana kweupe, mimi nikiwa nakunywa chai.

Nilimpigia simu Mama Zena, yule mchuma chai wa Kwamkoro anayesoma kipimo cha mvua kila asubuhi kabla ya kuingia shambani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mvua yote ile nilikuwa nanyeshewa bure?"

Jioni ile ile nilifungua kumbukumbu za seva nitafute kosa. Nikalikuta katika mistari miwili. Kwamkoro alikuwa amejibu. Alijibu amri ya kwanza, kisha ya pili, kwa mpangilio, kila jibu na namba yake, alichelewa tu. Nilikuwa bado naitazama mistari hiyo miwili mkono wangu wa kushoto ulipoanza kuuma, kana kwamba umeshikwa. Mbano mmoja, kisha mibano miwili. Ndiyo, kwa swali la sita. Hapana, kwa la saba. Ulijibu yote mawili, Mwalimu. Hukuwa unaniaga. Ulikuwa unanizuia.

Ningekoma hapa, ungekuwa umesoma habari ya mtu aliyekosea. Lakini hesabu siku: nilijua Jumatano, na kikao kilikuwa Ijumaa.

Mkurugenzi aliweka waraka wa kijani mezani akasema, "Nina swali moja tu. Hii Kanuni ya Saba ni ya nani?" Nilisimama. Nilikuwa nimevaa vizuri. Nikasema, "Ni ya marehemu, Mkurugenzi. Aliithibitisha kwa mkono wake, mbele ya mke wake." Kila neno nililopanga katika sentensi hiyo lilikuwa la kukutwisha kosa langu. Nikaongeza, bila kuulizwa, "Huenda hali yake siku ile haikuwa nzuri." Bwana wa stoo akasema, "Fundi redio ametuachia bomu." Wakacheka, wale wale waliocheka nilipokutukana na waliocheka uliponijibu. Mwalimu, nami nilitabasamu. Wiki iliyofuata mafundi walikuja na bisibisi, nikawashikia kibao chako wakikifungua.

Niliodhani ni mwisho haukuwa mwisho. Alhamisi iliyopita Mama Yunisi alikuja ofisini. Alikuwa ametoka Mgwashi asubuhi na kikapu cha karoti na plamu, amevaa vazi lake la kanisani. Niliharakisha kumwamkia, lakini alinitangulia kwa kupiga goti. Mke wako alipiga goti, kwangu. Akasema, "Mwanangu, nimesikia mzee aliharibu kazi zenu. Nimekuja kuomba radhi kwa niaba yake. Alikuwa amechoka, hakujua anachobana." Akatazama mlango, akaona matundu, akayapitisha kidole kama mtu anayepima kitambaa. "Basi," akasema. "Hata mimi ningekitoa."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Usijali, mama. Tumeshasamehe."

Tumeshasamehe. Nilipokea na kikapu. Plamu mbili nimezila.

Tangu siku ile sijaweza kumaliza chakula, na hilo silitaji ili unionee huruma. Hukuwa mtu wa huruma, na hilo ndilo jambo lako ninalolikosa kuliko yote. Nataka rula yako. Wote wanaonizunguka wananiita kwa cheo.

Nimefanya jambo moja. Jana niliiandika upya Kanuni ya Saba: amri isiyojibiwa isihesabiwe kuwa imeshindwa, mashine iulizwe hali yake, na anayeamuru angoje. Chini yake nimeweka maelezo kwamba kanuni ya awali haikutolewa na Mwalimu Hiza, ambaye aliikataa waziwazi kitandani. Kwamba mwandishi wa waraka hakungoja jibu. Kwamba alilitambua kosa lake siku mbili kabla ya kikao na akamsingizia marehemu. Jina langu limeandikwa kamili, pamoja na shahada yangu. Nimempelekea Mkurugenzi. Hajajibu. Programu yangu ya zamani ingeshatuma tena, ikiwa na maneno laini zaidi. Sitatuma tena. Kesho saa mbili nitasimama mlangoni kwake niulize hali, na nikiambiwa nirudishe ufunguo nitaurudisha.

Lakini kabla ya kesho ipo leo. Ukungu umeanza kupanda, na gari la Bumbuli, litakalonifikisha Mgwashi, linaondoka saa tisa. Kikapu kipo miguuni pangu. Sikukijaza kitu cha kufidia; ningekijaza, angenishukuru, na hilo nisingelistahimili.

Pumzika, Mwalimu. Ahadi yangu ni hii, na ni amri moja tu, nimeipa namba moja. Nitafika Mgwashi, nitamkuta mke wako uani, nitamweleza ulichobana na nilichokisema kikaoni. Kwanza nitamwamkia, nikiwa nimepiga goti mimi. Kisha nitangoja. Akikawia, nitangoja. Akiingia ndani akafunga mlango, nitabaki pale pale chini, sitamwamkia mara ya pili, mpaka jibu lake, liwe lipi, lifike lenyewe.

Mwanafunzi wako,
Estheri