Likizo Ndani ya Nyumba ya Makumbusho

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na mdogo wangu Neema ameshajaribu gauni lake la kipaimara. Mimi mwili ni mzima. Mbulu ni baridi, ukungu hauondoki mapema.

Barua hii inaletwa na mwalimu Upendo, jirani yetu, ambaye nilitakiwa kusafiri naye kuja nyumbani. Shule imefungwa na begi langu lilikuwa tayari. Lakini baba mdogo amesema nibaki likizo yote kwenye makumbusho anayoyasimamia, ile nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani. Wageni wengi huja Jumapili, na anasema hakuna mwingine wa kuwaeleza. Nimejiponza kwa kusoma kila kitabu kilichomo.

Kwa hiyo kila asubuhi nafungua madirisha, nafuta vumbi kwenye kofia za chuma na buti za askari waliopelekwa vitani Burma, kisha nasimama kuwaeleza wageni. Sauti yangu unaijua. Huinama kunisikiliza kama wanaotafuta sindano.

Juzi nilikuwa naeleza habari za chupa ya maji ya bati. Karatasi ya baba mdogo inasema mwenye chupa alifia vitani. Mama mmoja mzee wa kijiji cha Nambis, aliyekuja na wajukuu, akanikatiza.

"Nani amekufa? Huyo ni baba yangu. Alirudi, akaoa, akanizaa. Au mimi nimezaliwa na maiti?"

Watu walicheka, hata mimi. Akasema baba yake alikuwa akienda na chupa hiyo machungani ikiwa na maziwa, na habari za vita hakuwasimulia wanawe kamwe. Kisha akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, shule si zimefungwa? Mama yako yuko wapi?"

"Lushoto."

"Sasa unamlinda baba yangu wa nini? Yeye alishafika kwake."

Mama huyo akamwita baba mdogo, akamwambia mtoto wa watu aende kwa mama yake. Baba mdogo akainamisha kichwa. "Sawa, mama. Nimesikia."

Jioni nikamwuliza nitasafiri lini. Akacheka. "Mzee habishiwi. Ile ilikuwa heshima tu. Jumapili tuna wageni kutoka Babati." Karatasi ya chupa ameshaiandika upya. Safari yangu hakuigusa.

Mama, Neema nilimwahidi kusimama naye kanisani siku ya kipaimara chake. Mwombe bibi ampigie baba mdogo simu. Kwa mama yake mzazi hataweza kusema sawa ya heshima.

Msalimie baba, bibi, na shangazi anayeshona gauni. Neema mwambie nimemwekea kitabu.

Nikipewa simu nitakuwa nimesimama mbele ya baba mdogo, na mkiniuliza kama nimependa kubaki, nitasema ndiyo. Msiikubali hiyo ndiyo.

Mwanao,
Rehema