Jumatano za Gofu ya Japani, Nyumbani kwa Mwanetu

Mpendwa Mama Daudi,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwa mwanetu, hapa Erdington, Birmingham, mahali ambapo mimi na wewe tunajua sipaswi kuketi. Kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akiwa na shida husimama uani akaita. Hapa ua ni kijia cha matofali na mapipa mawili ya taka, na mimi naishi ndani tangu ulipotutoka. Naiandika barua hii wazi kwa sababu najua wako wazee wenzangu mjini humu wenye aibu kama yangu, na hatuambiani.

Unakumbuka ulipokuwa bibi harusi? Baba yangu akikohoa zizini, uliacha chungu motoni ukatokea mlango wa nyuma. Mara moja alirudi mapema, mkakutana kwenye kijia cha migombani, ukaingia kwenye matope hadi magotini ili umpishe. "Heri matope kuliko macho ya baba yako," uliniambia ukijiosha miguu. Nilicheka sana. Sasa nikikumbuka sicheki.

Nilipohamia kwa Daudi nilijaribu kuwa kama Baba. Siku ya kwanza nilikohoa mlangoni mwa jikoni ili mkamwana wetu Furaha apate nafasi ya kunipisha. Kwao Bukavu, anasema, mambo haya si makali hivyo. Akaja na chupa ya dawa na kijiko. "Kunywa, Papa. Hii baridi ya Birmingham haina heshima." Nikanywa. Nilimaliza chupa nzima kabla Daudi hajamweleza mkewe maana ya kikohozi changu. Tangu hapo nikiingia sebuleni, yeye hutoka.

Gofu uliileta wewe. Siku hizo tukiwa bado na nyumba yetu, ulikuwa unafuma sweta, ukakuta kwenye chaneli ya satelaiti kipindi cha Jumatano mchana cha mashindano ya Japani, ukakataa kubadilisha. Ulisema Wazungu hucheza gofu kama wenye shamba, na Wajapani kama wageni waliokaribishwa shambani. Mchezaji akivua kofia na kuinama mwisho wa siku, ulisema, "Hawa wamelelewa." Hukuweza kuyakamata majina yao, ukawapa ya kwako: yule mnene Askofu, yule mwembamba asiyetabasamu Mwalimu wa Hesabu. Ulistaajabu kwamba kwenye baadhi ya viwanja vyao kila shimo lina pacha wake, moja la kiangazi na moja la baridi, ili nyasi za mwenzake zipumzike. Nilikuwa nasoma gazeti nikijifanya sisikii. Nilikuwa nasikia, na hapa kwa Daudi nimeendelea kuitazama kila Jumatano.

Mwaka huu msimu wao ulipofunguliwa, miti yao ikiwa na maua, nilipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto umekufa, au umelala. Daudi anaendesha basi la Perry Barr na hutoka kabla ya mapambazuko, kwa hiyo alianza kuamka mapema zaidi ili aniogeshe kwanza. Furaha aliniletea chakula akigeuzia uso ukutani. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kugeuza uso.

Kisha ikaja mvua ya Juni. Huko Japani wachezaji walikuwa wamevaa makoti ya plastiki, na mimi kwenye kiti nilikuwa nimebanwa na haja ndogo, nikimngoja Daudi. Nilingoja mno. Nilipohisi joto mapajani nilitamani kifo, sikutamani msaada. Lakini Furaha alikuwa ameshaingia na beseni.

"Toka, mama," nilimwambia. "Tafadhali toka."

Hakutoka. Alipiga magoti pembeni yangu, akaelekeza uso kwenye televisheni, mikono yake ikitafuta vifungo bila macho.

"Na weye angalia Japani, Papa. Ule wa kofia nyekundu anataka kupiga. Anapima mupepo... Inua muguu kidogo. Anapiga. Iii! Imeingia mu mchanga!"

"Masikini," nilisema. Sijui nilikuwa namhurumia nani.

"Ngoja, atatoka. Muguu ingine, Papa. Anapiga... Ametoka! Ametoka muzuri kabisa."

Alinifuta, akanivalisha suruali kavu, na hakunitazama hata mara moja. Mimi nililia nikitazama Wajapani wakitembea kwenye mvua.

Jioni ile nilimwambia Daudi anipeleke nyumba ya wazee. Akaniuliza, "Mzee, si wewe uliyesema zile ni za watu wasiozaa?" Furaha alishuka ngazi akasimama nyuma ya kiti changu nisimwone.

"Papa, nilikosea wapi? Bamama ba ku kanisa batasema nini? Mukwe wangu alikimbia mikono yangu?"

"Mgeni ataona mwili tu," nikamjibu. "Wewe utaniona mimi."

Nikaomba wanipe muda hadi msimu wa Japani uishe, nitawajibu. Ulikuwa ujanja wa mwoga. Msimu wao ni mrefu.

Nilidhani Furaha hatarudi sebuleni. Jumatano iliyofuata alikuja na mboga za kuchambua, akaketi kando yangu, sote tumeelekea skrini. Hatukutazamana, kwa hiyo sheria ya kwetu hatukuivunja, au tuliivunja upande mmoja tu. Nilimfundisha majina yako, akamchukua Mwalimu wa Hesabu akaniachia Askofu. Vimbunga vya Septemba vilipofuta siku nzima ya mchezo, alinidhihaki: "Askofu wako anamushukuru Mungu, angeshindwa!" Nikamwambia Mwalimu wake atabasamu kwanza ndipo tuzungumze. Mama Daudi, nilicheka na mke wa mwanangu. Nikaona haya hata kwa kicheko hicho.

Daudi alikuwa anakonda. Majani ya huko yalipokuwa mekundu, alisinzia nikiwa mikononi mwake bafuni, nusura tuanguke pamoja. Hata hapo nilisema msimu haujaisha.

Jana uliisha. Shindano la mwisho huita wachache tu, wale waliofanya vyema mwaka mzima. Askofu alikuwa wa pili, Mwalimu hakuitwa. Walipoinama, Furaha aliinuka akazima televisheni, na kwa mara ya kwanza akasimama mbele yangu, skrini nyeusi nyuma yake.

"Imeisha, Papa. Sasa tutaangalia nini?"

Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Miaka yote nimekula chakula chake na sikuwa nalijua kovu lile. Hiyo nayo ni aibu, tena ni kubwa kuliko ya Juni, maana ile ya Juni ilikuwa ya mwili na hii ni yangu mwenyewe.

Nilijaribu kusema maneno ya heshima, yakakataa. Nikasema, "Mwache Daudi alale kesho. Na maji, mama, yasiwe moto sana."

"Ndiyo, Papa," alisema, akaenda jikoni.

Sijatulia. Ninaandika haya asubuhi, namsikia Furaha akifungua bomba la bafuni, na uso unaniwaka kama wa kijana. Pumzika, Kemunto. Tukionana nikishindwa kukutazama, nivumilie kidogo.

Mumeo,
Baba Daudi